Maneno Nyuma ya Pikapu

Ukiuliza kwa Msasa ni wapi, mtaa mzima utakujibu kwa swali: gari lako limegongwa upande gani? Hakuna aliyewahi kumtafuta kwa jambo jingine. Miaka thelathini na moja alinyoosha bodi na kupuliza rangi katika gereji ya idara ya barabara, akastaafu na kikohozi cha tina ya kuyeyushia rangi, vidole vilivyosagika alama zote, na jina ambalo hata mkewe alilitumia. Na lisidhaniwe kuwa ni jina la kazi tu, maana ulimi wake nao ulikwaruza. Alikuwa mtu wa kukuambia gari lako limepakwa rangi na kipofu, kisha ndipo akuulize aliyelipaka ni nani.

Uani kwake, kati ya ukuta wa jiko na tangi la maji, ilikaa pikapu kuukuu ya buluu. Ilikaa pale miaka kumi na mitano. Magurudumu yalizama ardhini hadi kwenye rimu, kuku walitaga chini ya usukani kizazi baada ya kizazi, na kiti kilibaki waya. Wapenda magari ya zamani walikuja kuiulizia, maana ni aina ambayo haitengenezwi tena, yenye pua ya mviringo na taa mbili kubwa kama macho ya mtu aliyeshtuka. Kila mmoja alijibiwa kuwa haiuzwi, na mlango wa kutokea ni ule ule alioingilia. Mkewe, Mama Pacha, alimshauri walau aifunike turubai. Hakuifunika. Kwa hiyo kila aliyepita kwenda kuchota maji aliyasoma maneno yaliyokuwa kwenye mlango wa nyuma wa bodi, herufi nyeupe zenye ukingo mwekundu, kazi ya mkono wake mwenyewe: MCHAGUA NAZI HUPATA KOROMA.

Msasa alikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, mdogo wake, ambaye watu walimwita Dereva. Maneno hayo ndiyo yaliyowatenganisha. Ukikisikia kisa chenyewe kwa mara ya kwanza utacheka, na usione haya, wote tulicheka mwanzoni.

Walipokuwa vijana waliamua kununua pikapu ya kuhamishia watu vyombo. Mdogo angeendesha, mkubwa angeitunza jioni akitoka kazini. Basi Msasa akaanza kuchagua. Alitembea na sumaku mfukoni, akawa anaibandika kwenye kila gari analooneshwa. Ikishika, ni bati. Isiposhika, ujue chini ya rangi bonde la kugongwa limezibwa kwa unga wa mafundi, na muuzaji ni mwongo. Miezi minane, magari kumi na manne. Moja alilikataa kwa ajili ya mlango, moja kwa ajili ya sakafu, moja kwa sababu mwenyewe alikuwa anatabasamu mno. La kumi na tano ndilo hili la buluu, na sumaku ilishika kila mahali. Siku ya pili, katikati ya daraja, wamepakia kabati la watu na godoro la watu na bibi kizee wa watu amekalia godoro, gia boksi ikadondoka barabarani.

Sumaku haipimi gia boksi. Dereva alicheka mpaka akakaa chini, na jioni ile Msasa akachukua brashi akaandika yale maneno. Maana yake haikumpotea mtu: fundi mjuaji anajicheka. Wateja waliipenda pikapu kwa sababu hiyo hiyo. Ndugu wale wawili waliifanyia kazi miaka tisa, na katika miaka hiyo hukumkuta mmoja ukamkosa mwingine.

Sasa, Dereva naye alikuwa mchaguzi, ila yeye hakuchagua magari. Alifika miaka thelathini na minane hajaoa. Huyu kimo, huyu maneno mengi, huyu ndugu zake. Watu walishamkatia tamaa. Kisha akamleta nyumbani mwanamke aliyemzidi miaka minne, mrefu, mpole, mwenye miwani, aliyefanya kazi ya usahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijachapwa, vitabu, fomu, kadi za mialiko, akitafuta makosa. Hakuna herufi iliyompita. Siku ya kwanza kukaribishwa mezani alisoma pakiti ya chumvi mbele na nyuma.

Pikapu ndiyo iliyombeba bibi harusi, na Msasa ndiye aliyeiendesha, imefungwa riboni na kupigwa maji hadi inameremeta. Walipofika ukumbini bibi harusi alishuka, akazunguka nyuma kuchukua sanduku lake, akasimama. Wenzake wa kiwandani walikuwa pembeni yake. Mmoja aliyasoma yale maneno, akafunika mdomo kwa kiganja. Bibi harusi alichukua sanduku lake akaingia ndani.

Baada ya siku tatu Dereva alikuja kwa kaka yake, hakukaa.

"Kaka, yafute yale maneno."

"Maneno ni ya gari."

"Najua ni ya gari. Nilikuwapo. Yeye hakuwapo. Yafute tu."

"Nikifuta, nitakuwa nimekiri kuwa yalimhusu. Watu watasema, kumbe."

"Waseme. Mke wangu analia, kaka."

"Mwambie asijione yeye ndiye nazi."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona. Dereva aliweka ufunguo wa gari mezani, taratibu, akaondoka. Alipata kazi ya kuendesha gari la kusambaza maji ya chupa. Tangu hapo walikutana misibani tu, wakapeana mikono kama watu waliotambulishwa jana.

Msasa aliiendesha pikapu mwenyewe miaka mitatu zaidi, jioni na siku za mapumziko, maneno yale yale nyuma, kila mtaa ukayasoma. Wakati huo ndoa ya mdogo wake ilikuwa haijapata mtoto, wala haikupata. Koroma ni nazi ambayo haijakomaa, na watu wasio na adabu hawahitaji kuongezewa neno. Sokoni wakaanza kumwita mke wa Dereva Bi Koroma, kwanza kisogoni, halafu kwa mazoea. Msasa alilisikia jina hilo mara ya kwanza kwa kinyozi. Alirudi nyumbani, akaegesha pikapu kando ya jiko, na injini ilipokataa kuwaka wiki iliyofuata hakuifungua. Mtu mwingine angeona huo ndio wakati wa kufuta. Yeye aliona ameshachelewa, na aliyechelewa akizidi kuchelewa nani ataona tofauti. Alikuwa mjinga, na nasema hivyo nikimpenda.

Siku moja, mwaka ule aliostaafu, Mama Pacha alirudi kutoka zahanati akakaa kwenye ngazi ya jiko bila kuvua viatu.

"Nimemwona mwenzangu leo," alisema. Hakuhitaji kumtaja mke wa Dereva. "Figo zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki anapelekwa hospitali kuu kusafishwa damu."

"Anapelekwa na nini?"

"Pikipiki. Teksi hazishuki kule kwao, njia mbovu. Mumewe anamfunga kwa shuka mgongoni kwake asianguke. Nimewaona wakipita. Msasa, mtu mzima yule, amefungwa kama mzigo wa kuni."

Asubuhi yake Mama Pacha aliamshwa na sauti ya jembe. Mumewe alikuwa anachimbua magurudumu.

Mtu asiyejua kazi hii hudhani gari bovu hufufuliwa kwa injini. Injini ilikuwa tatizo dogo. Alimwita mzee mwenzake wa gereji, fundi wa injini, ambaye alimimina mafuta kwenye matundu ya plagi, akasema yaachwe siku nne yalegeze, na siku ya tano akaizungusha kwa mkono ikakubali. Akabadilisha mipira, akasafisha kabureta, akatukana kidogo, akaenda zake. Tatizo lilikuwa kutu. Sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imetoboka, unaona udongo. Msasa aliikata yote, akapima kipande kipya cha bati, akakikunja ukingo kwa nyundo ya mbao, akachomelea kidogo kidogo huku na huku ili moto usikunje bati. Chini ya milango alikata sentimita tano za kutu pande zote mbili. Kuku walihamishiwa kwenye kreti, na jogoo aliendelea kurudi kila asubuhi kukagua kazi.

Halafu akaanza kuibadilisha, na hapo ndipo Mama Pacha alipoelewa pikapu inatengenezewa nani.

"Njoo upande," alimwambia siku moja. "Panda kama mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa figo. Miguu imevimba, pumzi hakuna."

Mama Pacha alijaribu kunyanyua mguu, akashindwa kwa makusudi, akanyanyua tena. Msasa alipiga magoti kando yake na utepe wa kupimia, akaandika kwa chaki ukutani. Sentimita ishirini na mbili, si zaidi. Akaunda daraja la kukanyagia kwa bomba la chuma na bati lenye matundu, linalojikunja chini ya mlango. Akachomelea mshikio ndani ya mlango, kwa kimo cha kiuno, akauvisha mpira. Kwenye springi za nyuma, vile vipande bapa vya chuma vinavyobeba uzito, alitoa viwili kila upande, maana gari la mizigo likiwa tupu hurusha mtu, na huyu hakutakiwa kurushwa. Kiti alikisuka upya, sponji ngumu chini na laini juu, mgongo unaolala nyuma kwa kuvuta kamba, na juu akavisha kitambaa badala ya plastiki, kwa sababu plastiki hunata kwenye ngozi yenye jasho. Kiliwatosha watu watatu.

"Nenda zahanati," alimwambia mkewe, "umuulize muuguzi anachomwa sindano mkono gani."

Mama Pacha alirudi na jibu kuwa ni wa kushoto, upande wa mlango. Msasa akaushonea mlango mto wa kuegemeza mkono. Mama Pacha alimtazama akiuma uzi kwa meno.

"Miaka yote nimelala na wewe," alisema, "sikujua una huruma hivi. Uliificha wapi?"

"Nipe mkasi."

Rangi aliipata chini ya mpira wa mlango, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Pale buluu ilikuwa bado mbichi. Alichanganya siku nzima, akijaribia kwenye vipande vya bati, mpaka kipande kimoja kikapotea kabisa kilipowekwa juu ya ile rangi ya zamani. Akaipuliza pikapu nzima, isipokuwa mlango wa nyuma. Huo aliung'oa, akauegemeza ukutani, akaukwepa siku tisa.

Siku ya kumi aliulaza juu ya meza ya mbao, akachukua msasa mkali. Alianzia mwisho wa maneno. A ikaondoka, M ikaondoka. Huko ndiko alikokutana na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata Mama Pacha.

Maneno yalikuwa ya gari. Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu aliweza kulisema miaka yote bila kupepesa macho. Siku anayaandika, mwanamke yule hakuwepo duniani kwao. Lakini asubuhi ya harusi, baada ya kuosha pikapu, alizunguka nyuma kufunga riboni akayaona, na akili yake ikayasoma kama mgeni atakavyoyasoma. Aliyasoma vizuri kabisa. Alikwenda akachukua kitambaa na kopo la tina. Dakika kumi zingetosha. Alisimama pale kitambaa kimeshalowa, akawaza kwamba mdogo wake ameshamwambia anaacha pikapu baada ya harusi, atafute kazi yenye saa za kueleweka, mke ndivyo anavyotaka. Miaka tisa, imekwisha hivi hivi kwa sababu ya mtu mwenye miwani. Akakirudisha kitambaa kwenye kopo. Akafunga riboni.

Msasa alisugua mlango ule mpaka bati likawa jeupe, akalia akiwa amesimama, vumbi la rangi limejaa kwenye nyusi. Aliona aibu kama ilitokea asubuhi ile ile. Mama Pacha alipotoka jikoni alidhani ni vumbi.

"Utaandika nini sasa?" alimuuliza.

"Siandiki kitu."

"Afadhali. Mkono wako mzuri, lakini una kiherehere."

Msasa mwenyewe alimpigia simu mdogo wake. Alikuwa amejipanga kusema mambo mengi, akasema moja tu, kwamba pikapu inatembea na siku za hospitali atakuja kuwachukua. Upande wa pili Dereva akacheka, kile kicheko cha darajani.

"Umeifufua? Kaka, umeifufua kweli?" Akamgeukia mtu chumbani. "Nilikwambia. Sikukwambia? Nilikwambia kaka yangu hana moyo mbaya, ni kiburi tu." Akarudi kwenye simu. "Njoo, kaka. Njoo tu. Sisi tupo."

Ungedhani Msasa alifurahi. Alifurahi, lakini yale maneno kwamba hana moyo mbaya yalimnyima usingizi usiku mzima.

Asubuhi ya kwanza alifika jua halijapanda vizuri. Dereva alikuwa tayari mlangoni na mfuko wa hospitali, nywele zimekuwa nyeupe kuliko za kaka yake. Alishika boneti kwa viganja viwili, akapitisha mkono kwenye taa, akafungua mlango akafunga, akafungua tena kusikia unavyoshika. Hakuweza kuacha kutabasamu. Alimwonesha mkewe daraja la kukanyagia kabla hajalifikia, kama yeye ndiye aliyeliunda.

Shemeji alikuja polepole, mkono mmoja ukutani. Miguu ilikuwa imejaa kwenye ndala za kiume, na miwani ilionekana kubwa kuliko uso.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Nzuri, shemeji. Pole kwa kuumwa."

"Nimeshapoa."

Hakupanda. Aliupita mlango ulio wazi, akashika ukingo wa bodi, akajivuta hatua kwa hatua mpaka nyuma. Wale ndugu wawili walisimama wakimwangalia. Pale nyuma palikuwa na buluu tupu, hakuna herufi, na bado alisimama muda mrefu.

"Umefuta," alisema.

"Nimefuta, shemeji."

"Niliambiwa ulisema ukifuta utakuwa umekiri."

"Mke wangu, tutachelewa mashine," Dereva alisema. "Maneno yalikuwa ya gari. Nimekwambia mara ngapi?"

"Wewe umeniambia. Yeye hajawahi kuniambia." Alimgeukia Msasa, akavuta pumzi mara mbili kabla ya kuendelea. "Shemeji, mimi nimetafuta makosa ya watu miaka thelathini. Kuna kosa la bahati mbaya na kuna la makusudi, na ukizoea unayajua. Lako tu ndilo sikuwahi kulijua. Sikugombezi. Nataka kujua kabla sijaondoka."

Jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa na ukweli ndani yake. Maneno mawili tu: ya gari. Dereva alikuwa anamtazama na lile tabasamu bado usoni, akisubiri kaka yake aliseme ili neno lake yeye la miaka kumi na minane lithibitike. Msasa alimwangalia mdogo wake, akaangalia ndala zile na miguu ile.

"Siku naandika yalikuwa ya gari," alisema. "Wewe hata sikukujua. Lakini asubuhi ya harusi nilishika kitambaa na tina nikasimama hapo hapo ulipo. Nikakirudisha. Nilitaka uyasome."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unamchukua."

Shemeji alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu aliyekuwa anatafuta ukurasa akaupata. Hakulia. Alisema tu, "Haya. Nishike mkono nipande," na Msasa akamshika. Alikanyaga daraja mara moja, akashika mshikio, akawa ndani. "Kidaraja kimekaa vizuri," alisema.

Dereva alimwekea mfuko mapajani, akaufunga mlango taratibu. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na pale lilipokuwa hapakuwa na kitu kingine, hata hasira. Hakuzunguka kuja kukaa mbele. Alipanda nyuma kwenye bodi, akakaa chini na kuegemea kabini, amewapa mgongo.

Walikwenda hivyo wiki sita, mara tatu kwa wiki. Njiani shemeji alizungumza, kwa kuwa alikuwa na mengi ya kusema na pumzi chache. Alisoma mabango yote ya barabarani na kuyasahihisha. Kulikuwa na kibanda kilichoandikwa TUNASHONA VITI NA WATU, na kila walipokipita alitaka mwendo upunguzwe. Siku moja alimuuliza Msasa kama anajua anaitwaje sokoni.

"Najua, shemeji."

"Muuza vitunguu alidhani ndilo jina langu. Kijana mwenye heshima kabisa. Shikamoo Bi Koroma. Ningemwambiaje?" Alicheka mpaka akakohoa, na Msasa ilimbidi asimamishe gari. Yeye hakucheka.

"Nisamehe, shemeji."

"Nilishakusamehe siku ile uliposema. Mtu hasamehe kitu asichokijua." Alivuta kamba, mgongo wa kiti ukalala. "Kinachonisumbua ni huyo wa nyuma. Kila nilipolalamika tuligombana. Alinuna hadi wiki kwa ajili yako. Aliniambia nina roho mbaya, namfikiria mabaya ndugu yake. Na mimi nikaanza kuamini kwamba kweli nina roho mbaya."

Msasa aliangalia kioo cha ndani. Kupitia dirisha dogo la nyuma aliona kisogo cha mdogo wake na kola ya shati. Mvua ilikuwa imeanza, manyunyu tu.

"Mwite akae mbele," alisema. "Kiti ni cha watu watatu."

"Nimemwita. Mpe muda."

"Na akiwa hana?"

"Asiye na muda ni mimi. Yeye anao."

Msasa alitengeneza kibanda cha turubai juu ya bodi, akaweka na benchi lenye sponji, ili ndugu yake asilowe. Dereva alishukuru kwa adabu. Alishukuru kila siku, asubuhi na mchana. Asante kaka, Mungu akuzidishie kaka, tutaonana keshokutwa kaka. Ingekuwa matusi, Msasa angejua pa kushika.

Katika wiki ya saba shemeji alilala kwenye mashine asiamke. Alikuwa ameacha maagizo, yameandikwa kwa hati safi isiyo na kosa hata moja, na mojawapo lilisema abebwe kwa pikapu ya shemeji yake. Msasa alitoa kibanda na benchi, akaosha bodi, akatandika shuka mpya. Jeneza liliingia bila kugusa pande. Dereva alikaa kando yake mkono juu ya kifuniko njia nzima, na Msasa aliendesha taratibu, akikwepa kila shimo kama alivyozoea, ingawa hapakuwa tena na wa kuumia.

Baada ya maziko watu walitawanyika. Wengine waliondoka na mabasi, wengine na magari ya majirani. Msasa alikaa kwenye usukani, mlango wa abiria ameuacha wazi, daraja limeshushwa. Alimwona mdogo wake anakuja kati ya makaburi, kofia mkononi. Alisogeza mfuko wa zana kutoka kwenye kiti.

Dereva hakuja upande wa mlango ulio wazi. Alikuja dirishani kwa kaka yake, akaweka mkono juu ya bati.

"Umeitengeneza vizuri, kaka," alisema. "Sijawahi kuona kazi safi namna hii. Alifurahi sana, wiki hizi zote."

"Panda twende nyumbani."

"Kaka, ungeniambia siku ile nilipokuja kukuomba uyafute. Ungesema, ndiyo, nilifanya makusudi, nilikuwa na wivu. Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekuja kula kwako." Alikuwa anasema polepole, bila kupandisha sauti, akipitisha kidole kwenye rangi ya buluu. "Nguvu za kukusamehe nilikuwa nazo. Nimezitumia zote kukutetea."

"Msalimie Mama Pacha," Dereva alisema. Akavaa kofia, akaanza kutembea, na kwake kulikuwa mbali.